Mifuo Iliyolika: Bunduki za Wenzo katika Kisiwa cha Mombasa

Historia ya silaha mjini Mombasa huandikwa kwa kawaida kupitia ngome, mizinga na watawala, ilhali kilichoamua bei ya bunduki, ruhusa ya kuipitisha forodhani na hali yake uzeeni kilikuwa ndani ya kasiba, ambayo wengi leo huiita mtutu. Kasiba ya gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, kwa kawaida ni laini ndani. Ile ya bunduki iliyofuata imechongwa mifuo, yaani michirizi inayozunguka kama uzi wa skrubu, ambayo huibana risasi na kuizungusha ili isiyumbe hewani. Mifuo hiyo ikilika, bunduki ya thamani hurudi kuwa gobore, hata kitako chake kikiwa bado kinang'aa.

Pwani ilizijua kwanza bunduki za mrao, ambazo baruti yake iliwashwa kwa utambi, kisha zikaja za gumegume, zilizowashwa kwa cheche za jiwe, na za fataki. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki zinazojazwa kwa nyuma, hasa katika miaka ya 1860, silaha zao kuukuu ziliuzwa kwa wingi na nyingi zikaishia Zanzibar, kiasi kwamba mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikusudia kuzuia mkondo huo katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini: bunduki zenye mifuo zilipigwa marufuku isipokuwa kwa vibali maalumu, huku zile za gumegume zisizo na mifuo zikiachiwa mlango wa kuuzwa chini ya usimamizi wa serikali. Mchirizi wa ndani ya chuma ukawa mpaka wa kisheria, ingawa waliotia saini hawakuuliza mchirizi huo ungedumu kwa muda gani katika hewa ya chumvi.

Miongoni mwa silaha zilizopigwa marufuku zilikuwamo bunduki za wenzo, ambazo mpigaji hushusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini ya mtambo ili kutoa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa na kuandaa nyingine. Martini-Henry, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilibeba risasi moja tu kwa wakati mmoja, na wenzo wake uliteremsha kipande cha chuma kilichoziba nyuma ya kasiba. Silaha za ukoo wa Martini zilifika pamoja na misafara na askari, na mwaka 1898, reli iliyoanzia Kilindini ilipofika Tsavo, mhandisi Patterson aliwinda simba wala watu akiwa na bunduki fupi ya Martini kama silaha ya akiba. Ilipohitajika, mbebaji wake alikuwa tayari anapanda nayo mti. Tarehe 21 Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, aliwasili Mombasa akiwa na Winchester za mwaka 1895, bunduki za wenzo zilizobuniwa na John Browning, zenye sanduku la risasi chini ya mtambo. 

Kulika kwa kasiba hizo kulisababishwa zaidi na masalia ya risasi kuliko wingi wa risasi zenyewe. Fataki za zama hizo zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo baada ya mlipuko huacha chumvi inayofyonza unyevu, nayo kutu huanza haraka kasiba isipooshwa kwa maji ya moto, ikakaushwa na kupakwa mafuta. Kulikuwa na kasoro nyingine isiyotajwa sana: kwa kuwa mtambo wa bunduki nyingi za wenzo umefungwa kwa nyuma, ufito wa kusafishia huingizwa kwa mdomoni, na msuguano wa miaka mingi hula mifuo ya ncha, mahali ambapo risasi huagana na chuma. Msafishaji mwenye bidii aliweza hivyo kuiharibu bunduki aliyokusudia kuilinda.

Fundi anayeletewa bunduki ya namna hiyo huanza kwa kuipima. Kipande laini cha risasi, metali ile ya kijivu, husukumwa taratibu ndani ya kasiba iliyopakwa mafuta. Kikitoka huwa kimechapwa alama za mifuo, na kipenyo chake hupimwa kwa vernia. Kikiteleza bila kubanwa karibu na mdomo, ncha imeisha. Fundi anaweza kuipanua kasiba yote ili itumie risasi kubwa zaidi, jambo linalobadilisha asili ya bunduki, au kuitoboa na kuivika kasiba nyembamba mpya ndani, huku maandishi ya nje yakibaki. Njia ya pili ndiyo yenye heshima zaidi kwa historia, lakini nayo huondoa ushahidi wa matumizi, na kwa bunduki yenye safari inayojulikana ushahidi huo una thamani kuliko shabaha.

Wahifadhi wa makumbusho hushika mkondo mwingine. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, ilipochunguzwa kati ya 1977 na 1980, kazi iliyofuata ilikuwa kuvitoa vitu chumvi na kuzuia uozo, si kuvifanya vitumike tena. Kwa kipimo hicho, Winchester iliyolika husafishwa, kutu hai husimamishwa, na mashimo yaliyochimbwa na kutu huachwa yalivyo. Anayetaka ipigwe tena hukutana na Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, inayomhesabu mtengenezaji wa bunduki kwa biashara kuwa mfanyabiashara wa silaha anayepaswa kusajiliwa, hivyo kazi ya kuvika kasiba haiwezi kupelekwa katika karakana yoyote yenye mashine ya kerezo.