Mianzi na Matofali: Urithi wa Ujenzi wa Tukuyu

Historia ya ujenzi wa Tukuyu, mji wa kusini-magharibi mwa Tanzania, kwa kawaida husimuliwa kuanzia boma la Wajerumani, ilhali Wanyakyusa, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na ustadi wao wa kujenga kabla ya hapo, na mpelelezi Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nchi yao mwaka 1879, alistaajabia usafi wa vijiji vyao na uzuri wa nyumba zao. Kuta zilikuwa za mianzi iliyosimamishwa wima na kujazwa udongo uliofinyangwa kwa mkono, paa likaezekwa kwa nyasi, na nyumba zikapangwa kati ya migomba. Ujenzi huo uliendana na kijiji cha rika, yaani makazi ya vijana wa umri mmoja waliojenga kando ya baba zao mpaka sherehe ya ubusoka, ambapo kizazi kipya kilikabidhiwa nchi na wazee wakasogea pembeni. Kwa jamii iliyohamisha vijiji vyake namna hiyo, nyumba ya mianzi ilikuwa chaguo la busara, na ni kosa kuiita duni.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian, akiwamo Theodor Meyer, walianzisha kituo cha Rungwe, karibu na Tukuyu. Kanisa lao la Kiprotestanti lina asili Bohemia na Moravia, katika nchi ya Wacheki ya leo, ambako waumini waliokimbia mateso waliingia Saksonia na kuanza kujenga mji wa Herrnhut mwaka 1722, wakipendelea kumbi za ibada zisizo na mapambo na makaburi yanayofanana, ili tajiri na maskini walale sawa. Mazoea hayo yaliyotoka katikati ya Ulaya yalifika chini ya mlima Rungwe pamoja na tofali la kuchoma na useremala, lakini waliochimba udongo na kupasua mbao walikuwa Wanyakyusa, na kwa haki majengo hayo ni yao pia.

Serikali ya Kijerumani, iliyokuwa na kituo chake Langenburg ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ilihamia Tukuyu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuuita mji Neu-Langenburg. Waingereza waliuteka mwaka 1916. Maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi na misikiti vikaongeza sura nyingine, hadi dhahabu ya machimbo ya Lupa ilipokuza mji wa Mbeya, iliyoanzishwa mwaka 1927, na kuupokonya Tukuyu nafasi yake.

Mvua, ambayo hapa huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, huozesha mianzi na nyasi upesi, na bati limechukua mahali pa nyasi. Hivyo kilichobaki kuonekana ni kazi ya matofali na mawe, kana kwamba mji ulianza na wageni. Hali kama hiyo inaonekana hata katika urithi wa Moravian: mwaka 2024 UNESCO iliingiza makazi ya kanisa hilo ya Herrnhut, Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland Kaskazini katika Urithi wa Dunia, pamoja na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia mwaka 2015. Makazi yote manne yako Ulaya na Marekani, ingawa waumini wengi wa Moravian duniani leo ni Waafrika, na Watanzania ndio wengi zaidi miongoni mwao.