Keshia, Kengele na Namba Yako ya Simu

Kabla sijaanza shahada ya uzamili nilikaa kaunta miezi saba, kwenye supamaketi moja hapa Dar es Salaam. Kazi ya ukeshia siyo ngumu kama wateja wanavyodhani, wala siyo rahisi kama mameneja wanavyodhani. Kilichokuwa kinanitoa jasho ni sentensi moja tu, ambayo ilibidi kuisema kwa kila mteja kabla ya kupokea hela: "Naomba namba yako ya simu tukuingizie pointi."

Wengi walitaja tu, kwa sauti, na watu sita nyuma yao kwenye foleni wanasikia. Wengine walisita. Dada mmoja aliiandika kwenye simu yake akanionyesha kioo, hakutaka kuitamka. Halafu kulikuwa na mzee mmoja wa kanzu, anakuja Ijumaa baada ya swala. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia vizuri, lakini nilipofika kwenye namba akaniangalia juu ya miwani.

"Mwanangu, nimekuja kununua sukari. Namba yangu inakwenda wapi?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: ni kwa ajili ya pointi tu, mzee wangu.

"Sikuuliza ya nini. Nimeuliza inakwenda wapi."

Sikuwa najua, na meneja wangu pia, nadhani, hakujua. Jibu nimelipata baadaye, nikiwa nasoma historia ya mashine za ofisini kwa sababu nyingine kabisa, na linaanzia baa.

Baa hiyo ilikuwa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, na mwenyewe aliitwa James Ritty. Tatizo lake kila mwenye biashara analijua: wateja wanajaa, vinywaji vinaisha, lakini jioni hela haifanani na mauzo. Wahudumu walikuwa wanatia mfukoni. Inasimuliwa kwamba akiwa safarini kwa meli kwenda Ulaya aliona kifaa kinachohesabu mizunguko ya rafadha, yaani lile panga linalosukuma meli, akajiuliza: kama chuma kinaweza kuhesabu mizunguko, kitashindwaje kuhesabu mauzo ya baa? Novemba 1879 yeye na kaka yake John walipata hataza ya mashine yao. Haikuwa hata na droo. Ilikuwa na uso kama wa saa ya ukutani, mishale ikionyesha kiasi kilicholipwa. Na jina waliloipa linaeleza kila kitu: Keshia Asiyehongeka.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mashine ya kaunta haikubuniwa kumfuatilia mteja. Ilibuniwa kumfuatilia keshia. Mwaka 1884 John H. Patterson alinunua biashara hiyo, akaipa jina la National Cash Register, maarufu kama NCR, na mashine ikazidi kukua: droo, kengele, karatasi inayoandika kila muamala. Kengele ile tuliyoizoea kwenye filamu za zamani ilikuwa na kazi ya kumwambia bosi aliyekaa ndani kwamba droo imefunguliwa. Zile tarakimu kubwa zinazomwangalia mnunuzi zilimfanya mnunuzi awe shahidi: keshia hawezi kupokea dola mbili akaandika moja mbele ya macho yako. Risiti nayo ilikuwa na kazi hiyo hiyo. Mteja aliajiriwa kuwa mlinzi bila mshahara.

Sisi Tanzania tumeliona hili kwa macho yetu. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti, EFD, zilianza kutumika mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, na tangazo la "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" likawa linasikika kila kona. Ni wazo la Ritty lile lile, ila safari hii anayetiliwa shaka ni mwenye duka na anayelinda hela yake ni serikali.

Kwa hiyo kwa karibu miaka mia moja mashine ilijua kiasi tu. Haikujua umenunua nini, wala wewe ni nani. Aliyejua hayo alikuwa muuza duka mwenyewe, kichwani na kwenye daftari la mkopo. Tusijidanganye kwamba zamani kulikuwa na siri sana. Mangi wa mtaani kwetu alijua nyumba ipi inakula mara moja, nani amerudi kuvuta sigara, na binti wa nani ananunua dawa gani. Lakini alikuwa na adabu yake. Pedi alizifunga kwenye gazeti bila kuambiwa, akazitia kwenye rambo nyeusi, akakukabidhi huku anaongelea mvua. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 rambo imeondoka, ila gazeti bado lipo. Alichokijua kuhusu wewe kilikaa mtaani, na ukihama mtaa, unahama nacho.

Mashine ilianza kujua umenunua nini tarehe 26 Juni 1974, kwenye supamaketi ya Marsh katika mji wa Troy, Ohio, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Dayton kwa Ritty. Keshia Sharon Buchanan alipitisha pakiti ya bazoka za Wrigley's Juicy Fruit juu ya kioo cha kusomea msimbo pau, ile mistari myeusi na myeupe, na mashine ikasoma bei yenyewe: senti 67. Mfumo wa kaunta ulifungwa na NCR, watu wale wale wa kengele.

Ukisoma malalamiko ya miaka ile unashangaa kidogo. Vyama vya watetezi wa walaji vilipambana kweli na msimbo pau, lakini hoja yao kubwa ilikuwa bei. Kama bei haibandikwi tena kwenye kila kopo, mteja atajuaje kwamba hajapunjwa kaunta? Hoja ya maana, na majimbo kadhaa yaliweka sheria za kulazimisha bei ibandikwe. Ila macho ya watu yalikuwa kwenye bei, huku mashine ikijifunza kuweka orodha ya kila ulichobeba. (Na kasi ya keshia pia, bidhaa ngapi kwa dakika. Mimi nilikuwa wa nne kati ya tisa, kama kuna anayetaka kujua.)

Sasa orodha ipo. Ilibaki jina la kuiwekea.

Njia ya kwanza ni kuuliza tu. Maduka ya RadioShack ya Marekani, yaliyokuwa yakiuza redio, nyaya na betri, yalijulikana nchi nzima kwa hilo. Unakwenda kununua betri mbili kwa pesa taslimu, muuzaji anakuomba jina na anwani ili utumiwe katalogi. Ikawa ni utani wa watu, na wauzaji ndio waliokuwa wanaubeba huo utani usoni kila siku. Mwaka 2002 kampuni iliacha utaratibu huo. Lakini taarifa zilizokusanywa hazikuachwa. RadioShack ilipofilisika mwaka 2015, kumbukumbu za wateja zaidi ya milioni 100 ziliwekwa kwenye orodha ya mali za kuuzwa, pamoja na jina la kampuni, ingawa wateja walikuwa wameahidiwa kwamba taarifa zao haziuzwi. Wanasheria wakuu wa majimbo, Texas ikiwa mbele, waliweka pingamizi. Mwishowe sehemu kubwa ya taarifa ikaamuliwa iharibiwe, na mnunuzi akapewa kiasi kidogo kwa masharti. Mzee wangu wa Ijumaa angeelewa haraka: namba inakwenda kwa atakayenunua duka.

Njia ya pili ni kumpa mteja kitu abadilishane. Tesco ya Uingereza ilitandaza kadi yake ya Clubcard nchi nzima Februari 1995. Unapata punguzo, wao wanapata jina la kubandika juu ya orodha. Hapa keshia alipumua kidogo, maana swali likawa "una kadi?" na siyo "unaishi wapi?"

Njia ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. California ilikuwa na sheria, Song-Beverly ya mwaka 1971, iliyokuja kufanyiwa marekebisho ili duka lisiruhusiwe kumtaka mteja anayelipa kwa kadi ya mkopo atoe taarifa binafsi na kuzirekodi kama sharti la kupokea kadi yake. Anwani na namba ya simu vilitajwa. Basi kwenye duka moja la Williams-Sonoma keshia akamwomba mteja postikodi tu. Tarakimu tano. Mteja akadhani ni lazima ili malipo yapite, akataja. Keshia akaingiza. Duka sasa lina jina, lililotoka kwenye kadi, na postikodi, iliyotoka mdomoni mwa mteja mwenyewe. Kwa mujibu wa madai yaliyopelekwa mahakamani, programu maalumu ilichukua hivyo viwili ikavilinganisha na hazina kubwa ya majina na anwani, ikatoa anwani kamili ya nyumbani. Yaani kile ambacho sheria ilikataza kuulizwa kilipatikana bila kuulizwa.

Mahakama mbili za chini zilisema postikodi siyo taarifa binafsi, kwa sababu ni ya maelfu ya watu. Ukiisikia haraka hoja hiyo inaingia akilini. Tarehe 10 Februari 2011 Mahakama Kuu kabisa ya California, katika kesi ya Pineda dhidi ya Williams-Sonoma, ilikataa, na majaji wote walikubaliana. Postikodi ni sehemu ya anwani, na ukiruhusu duka lichukue vipande kisha liviunge, katazo la sheria halina kazi. Faini yaweza kufika dola 250 kwa kosa la kwanza na 1,000 kwa kila linalofuata. Kesi nyingine nyingi zikafuata.

Katika yote niliyosoma, ninayemfikiria ni yule keshia. Sidhani aliijua hiyo programu. Aliambiwa "uliza postikodi," akauliza, labda huku anatabasamu.

Turudi kwetu, maana sisi tuna mkato ambao Williams-Sonoma wangeutamani. Huku hatuhitaji programu. Ukiwa na namba ya mtu, ukaanza kumtumia hela kwa simu, kabla hujathibitisha jina lake linatokea. Namba ni jina, ni pochi, ni mlango wa WhatsApp yenye picha za watoto. Mzunguko huu ulianza na M-Pesa ya Kenya, Machi 2007. Wanaokumbuka miaka ile watakumbuka daftari la wakala: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi, kila mteja mstari wake, daftari limefunguka kaunta, na wewe unayesaini unasoma mistari kumi ya waliokutangulia. Ilipokuja Lipa na M-Pesa mwaka 2013, jina na namba ya mlipaji vikawa vinatua kwenye simu ya dukani. Dada zetu wanaijua hii vizuri: umelipia chipsi saa mbili usiku, saa tatu unapata "mambo mrembo" kutoka namba usiyoijua. Baadaye Safaricom ilianza kuficha sehemu ya namba ya mteja. Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikatunga ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Zote zinamtaka anayekusanya aeleze anakusanya kwa kusudi gani. Anayeulizwa hilo swali kaunta, bado, ni keshia.

Na keshia anajitetea anavyoweza. Sisi tulikuwa tunapimwa: zamu ikiisha, mfumo unatoa asilimia ya risiti zenye namba. Mteja akikataa, tulikuwa tunaingiza namba zetu wenyewe. Kwa miezi saba namba yangu ilinunua mchele wa harusi, chakula cha mbwa na pampasi nyingi sana. Nikaanza kupokea ujumbe wa ofa za maziwa ya watoto wachanga. Mama aliuona mmoja, ikabidi nimkalishe nimweleze. Halafu nikaitwa ofisini kwa kuiba pointi. Sikuwahi kutumia hata moja, lakini mashine ya Ritty haijali nia, nikaandikiwa barua ya onyo.

Yule mzee, ambaye wiki zote hizo akifika ananiambia "andika yako," alikuja tena Ijumaa ya mwisho kabla sijaacha kazi. Nikamwambia siku hizi hairuhusiwi.

"Basi andika sifuri," akasema, akachukua sukari yake.

Nikaandika sifuri kumi. Mashine ikakubali.