Nguvu ya Kukohoa

(Muziki wa kipindi, kisha unashushwa taratibu)

MTANGAZAJI: Kabla ya yote, naomba ukohoe mara moja. Umeona? Umevuta pumzi, tumbo limekaza, hewa imetoka kwa kishindo. Mtu mzima mwenye afya akikohoa hutoa hewa kwa kasi ya zaidi ya lita 360 kwa dakika. Kasi hiyo ikishuka chini ya lita 160, makohozi hubaki kifuani.

Katika kambi niliyokulia kulikuwa na mzee mmoja, tulimwita Baba Mkubwa. Mikono yake ililegea, kisha miguu, kisha sauti. Kikohozi chake kikawa kama mtu anayepuliza moto uliokwisha zimika. Watu walisema amerogwa, wakaacha kumtembelea. Alifariki kwa kifua, akili yake ikiwa timamu. Ningependa siku zile tungejua historia ninayokusimulia leo.

Yapo magonjwa yanayoua mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli. Mojawapo madaktari wa hapa huuita SLA. Daktari Charcot wa Paris aliupa jina mwaka 1874. Huwapata zaidi watu wazima, pole pole. Polio nayo hushambulia mishipa hiyo hiyo, lakini huletwa na virusi, na huwapata zaidi watoto.

Mwaka 1928, huko Boston, Marekani, Drinker na Shaw walitengeneza pafu la chuma kwa ajili ya wagonjwa waliopooza kifua. Mgonjwa alilala ndani ya sanduku, kichwa kikiwa nje, na mashine ikamvutia pumzi. Lakini sanduku lile halikuweza kumkoholea.

Mwaka 1952 polio ikaingia Copenhagen, Denmark, kwa nguvu. Katika wagonjwa 31 wa kwanza waliohitaji kusaidiwa kupumua, 27 walifariki. Daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe tundu shingoni, makohozi yanyonywe, na hewa isukumwe kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Mashine za kazi hiyo hazikuwepo. Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500, wakaminya mifuko kwa zamu, usiku na mchana. Vifo vikapungua sana.

Miaka hiyo hiyo, Marekani, daktari Barach na wenzake walijaribu mashine ya kusaidia kukohoa. Husukuma hewa ndani ya mapafu, kisha huivuta nje ghafla, na makohozi hufuata. Chanjo ilipopunguza polio, na mirija ya shingoni ilipozoeleka, mashine ile ikasahaulika. Ilirudi mwaka 1993, na leo inawasaidia wenye SLA na wengine wenye misuli dhaifu.

Usidhani polio ni habari ya zamani au ya mbali. Tarehe 17 Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza katika zaidi ya miaka 30. Mtoto wa miaka 4 wa Isale, jirani kabisa na Bujumbura, alikutwa nayo. Hakuwa amechanjwa.

Utaniuliza: mashine hiyo sisi tutaipata wapi? Ni ghali, na inataka umeme. Lakini kumbuka Copenhagen: mikono ndiyo iliyookoa. Hata kukohoa kuna msaada wa mikono. Mgonjwa huvuta pumzi ndefu, na wakati ule ule anapokohoa, msaidizi humsukuma tumbo chini ya mbavu. Usijaribu kwa kubahatisha, wala mgonjwa akiwa ametoka kula. Mwombe muuguzi akufundishe kwanza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimwona jirani analegea, anapaliwa na maji, kikohozi chake hakina sauti, usimkimbie wala usiseme ni uchawi. Mpeleke kwenye kituo cha afya. Na wenye matone ya polio wakifika mlangoni pako, mtoe mtoto.

Baba Mkubwa hatukumsaidia. Wa kwako bado unaweza. Tukutane wiki ijayo.

(Muziki unapanda)