Mto Zigi: maji maangavu si lazima yawe salama

Mto Zigi huanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kushuka hadi bwawa la Mabayani linalohudumia jiji la Tanga. Ubora wa maji ya mto kama huu hupimwaje?

Kwanza, sampuli huchukuliwa msituni, kisha chini ya mashamba na vijiji, ili zilinganishwe. Kazi hiyo hurudiwa kiangazi na masika, kwani mvua husomba udongo na kinyesi hadi mtoni.

Pili, hupimwa tope, joto, tindikali na hewa ya oksijeni.

Tatu, wataalamu hugeuza mawe mtoni. Wakikuta wadudu wachanga wa aina nyingi, wakiwemo wenye mikia mitatu, ni dalili nzuri. Wakibaki funza wekundu tu, huenda mto umechafuka.

Lakini vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho, hutafutwa maabara. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100.

Basi msikilizaji, hata ukichota karibu na msitu, chemsha maji hadi yatokote. Yakibadilika rangi bila mvua kunyesha, toa taarifa serikali ya kijiji au jumuiya ya watumia maji.