Mbuni wa Nairobi Magharibi na Ufinyu wa Ukoo Wake

Kahawa ya Dagoretti ilianza na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanzisha misheni ya St Austin's mwaka 1899, mahali panapoitwa Lavington leo. Mapadre hao walikuwa tayari wamepanda mibuni Bura, Taita, mwaka 1893. Kizazi cha mibuni yao kilienea kwenye mashamba ya walowezi kikaitwa French Mission.

Arabika, spishi ya mibuni hiyo, hujichavusha, hivyo mche hufanana mno na mama yake. Tena arabika nyingi inayolimwa duniani ilitokana na mbegu chache zilizopitia Yemen. Utajiri wa jeni ulibaki katika misitu ya Ethiopia, nyanda za Boma huko Sudan Kusini na Mlima Marsabit.

Ufinyu huo wa jeni ulizidi huko Kabete. Kati ya 1935 na 1939 Maabara ya Scott ilichunguza mibuni 42 iliyoteuliwa. Aina ya SL28 ilitoka kwenye mti mmoja tu, wa uzao wa mbegu zilizoletwa kutoka Monduli, Tanganyika, baada ya afisa A. D. Trench kuona mwaka 1931 jinsi mibuni ya huko ilivyostahimili ukame. SL34 nayo ilitoka kwenye mti mmoja wa shamba la Loresho. Ladha ya aina hizi mbili ndiyo iliyoijengea kahawa ya Kenya jina, na sifa hiyo ni ya haki.

Hata hivyo, mbuni hujirekebisha bila jeni zake kubadilika: kivulini majani hupanuka na kuwa membamba, juani hubaki madogo na manene. Unyumbufu huo humvusha mkulima msimu wa jua kali. Dhidi ya chulebuni, ukungu uliogunduliwa Kenya mwaka 1922, haukufua dafu. Mlipuko wa 1968 ulileta hasara kubwa, kwa kuwa SL28 na SL34 zote hazina kinga.

Watafiti wa Ruiru waliitafuta kinga nje ya ukoo huo: katika Rume Sudan, yenye asili ya Boma, na katika chotara wa Timor, mwenye damu ya robusta. Ruiru 11 ikatolewa 1985, Batian ikafuata 2010.

Mashamba ya Lavington na Loresho yamegeuka mitaa ya makazi. Joto linapozidi na mvua kuyumba, mibuni ya mwitu ya Marsabit, yenye utajiri huo wa jeni, inastahili kulindwa kwa bidii ileile inayotumika kulinda mashamba yaliyobaki.