Tufani ya Tanga Mbili
Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoisogelea Mafia, nililala na simu kifuani. Kila saa nilisoma kasi ya upepo, nikaiandika kwa penseli kwenye daftari la mjukuu wangu. Tarehe 4 kikafika Mafia kimeishiwa nguvu. Nilishukuru, ingawa penseli, nakiri, iliona imeonewa.

Unguja ya 1872 haikuwa na wa kuionya. Ilikuwa Aprili 15, tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Isitoshe, kisiwa kiko digrii 6 tu kusini ya ikweta, ambako tufani ni nadra kujizungusha. Hii ilijizungusha. Ilizamisha vyombo bandarini, merikebu za Sultani Barghash zikiwemo, kisha ikapanda mashambani na kulaza minazi na mikarafuu.

Mnazi ukianguka, jirani watagawana madafu. Mkarafuu ukianguka, unapanda mche na kusubiri miaka sita au zaidi uone kikonyo cha kwanza. Pemba, ng'ambo ya mkondo, ilisalimika. Bei ikapanda, Wapemba wakapanda mikarafuu, na hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar huanikwa majamvini kwao.