Gari-nyumba la zamani na tozo ya hewa safi: nani analipa, wapi na kiasi gani?

Nchini Uingereza wako watu wengi wenye gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na mara nyingi choo ndani yake. Wengi hulitumia kwa likizo na safari za mwisho wa wiki, halafu likaegeshwa nyumbani. Sasa miji kadhaa inatoza magari yenye moshi mchafu, na gari-nyumba halikusamehewa. Jijini London, mwenye gari la zamani anaweza kulipa pauni 12.50 kwa siku. Jirani yake mwenye gari zito zaidi anaweza kulipa pauni 300. Tofauti hiyo inatokana na nini?

Kwa nini tozo zikawepo?

Moshi wa dizeli hubeba naitrojeni daioksaidi na chembe ndogo zinazoingia mapafuni. Desemba 2020, afisa anayechunguza sababu za vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa na pumu. Ella aliishi karibu na barabara ya South Circular, London, na alifariki mwaka 2013. Ilikuwa mara ya kwanza nchini humo uchafuzi wa hewa kuandikwa rasmi kuwa miongoni mwa sababu za kifo cha mtu.

Eneo la London linalojulikana kama ULEZ lilianza Aprili 8, 2019 katikati ya jiji. Oktoba 2021 likapanuliwa, na tangu Agosti 29, 2023 linafunika mitaa yote ya London. Hapo ndipo wakazi wengi wa pembezoni walijikuta ndani ya eneo la tozo, magari yao yakiwa yameegeshwa mlangoni.

Kinachopimwa ni nini?

Tozo haihesabu kilomita. Haiulizi kama gari linatembea mara 3 au mara 300 kwa mwaka. Inaangalia mambo mawili: kiwango cha injini na uzito wa gari.

Gari la petroli linatakiwa kufikia angalau kiwango cha Euro 4, ambacho kwa kawaida magari ya kuanzia mwaka 2006 yanacho. La dizeli linatakiwa kufikia Euro 6, kiwango kilichokuja takriban mwaka 2015 au 2016. Magari-nyumba mengi hutumia dizeli, kwa sababu hujengwa juu ya magari ya mizigo. Ndiyo maana gari-nyumba la mwaka 2012, ambalo bado ni zima na limetunzwa vizuri, linaangukia upande wa kulipa.

Usitegemee mwaka wa usajili peke yake. Kiwanda kinaweza kununua gari la mizigo mwaka huu, kikajenga nyumba juu yake, na gari likasajiliwa mwaka unaofuata. Gari lililosajiliwa mwaka 2016 linaweza kuwa na injini ya Euro 5.

Hesabu ya safari moja

Chukulia mkazi wa London mwenye gari-nyumba la dizeli lisilozidi tani 3.5. Anaondoka Jumamosi na kurudi Jumapili. Analipa pauni 12.50 siku ya kutoka na pauni 12.50 siku ya kurudi, jumla pauni 25. Akikaa nje ya jiji wiki 3, bado ni pauni 25, kwa sababu gari lililoegeshwa halitozwi. Safari 10 kwa mwaka ni pauni 250.

Sasa chukulia gari lenye uzito wa juu unaoruhusiwa wa zaidi ya tani 3.5. Hili haliko tena chini ya ULEZ. Linaangukia kwenye utaratibu wa LEZ, uliowekwa kwa magari mazito. Likiwa na Euro 4 au 5, ni pauni 100 kwa siku. Likiwa chini ya Euro 4, ni pauni 300. Safari ileile ya kutoka na kurudi inakuwa pauni 200 au pauni 600. Safari 10 zinaweza kufika pauni 6,000. Kwa mstaafu aliyeweka akiba yake kwenye gari hilo, hapo ndipo swali la kuuza au kubaki nalo linapoanza.

Miji mingine

Birmingham ilianza Juni 2021 na inatoza pauni 8 kwa magari madogo na pauni 50 kwa malori na mabasi. Bristol ilianza Novemba 2022 kwa pauni 9 na pauni 100. Bath haitozi magari binafsi ya abiria, lakini gari la mizigo lililogeuzwa kuwa nyumba, na ambalo kwenye kadi bado limeandikwa kuwa la mizigo, linaweza kutozwa pauni 9.

Uskoti imechukua njia nyingine. Katika miji ya Glasgow, Edinburgh, Dundee na Aberdeen hakuna tozo ya kulipia kuingia. Gari lisilofikia kiwango haliruhusiwi, na likiingia ni faini ya pauni 60, ambayo huongezeka maradufu kosa likirudiwa.

Mwenye gari afanye nini?

Kwanza, ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, au ya mamlaka ya usafiri ya London, TfL, kwa safari za jiji hilo. Ni bure.

Pili, soma kadi ya gari. Angalia uzito, aina ya gari na kiwango cha Euro.

Tatu, ikiwa uzito umezidi tani 3.5 kidogo tu, inawezekana kuomba uzito unaoruhusiwa ushushwe kwenye kumbukumbu. Lakini basi maji, gesi, vyakula na abiria wote lazima viingie ndani ya tani hizo. Kuzidisha ni kosa.

Nne, kama gari limetimiza miaka 40, ulizia usajili wa magari ya kihistoria. Likisajiliwa hivyo na halifanyi biashara, halilipi ULEZ.

Tano, panga njia. Barabara ya M25 inayozunguka London haimo kwenye eneo la tozo.

Mwisho, kumbuka kwamba hakuna kizuizi wala kibanda cha kulipia. Kamera husoma namba za gari, na siku huhesabiwa kutoka saa sita usiku hadi saa sita usiku. Ukiingia saa tano usiku na kutoka saa saba, umelipia siku mbili. London inakupa hadi mwisho wa siku ya tatu baada ya safari kulipa. Ukichelewa, faini ya ULEZ ni pauni 180, au 90 ukilipa ndani ya siku 14.